Chuma Mguuni na Mzinga Wenye Oili

Mguu wangu wa kushoto una kipande cha chuma chenye urefu wa kiganja, kimelala juu ya mfupa wa muundi. Asubuhi za baridi huwa kinaamka kabla yangu. Nakisikia kikipoa chini ya ngozi, na kabla sijafumbua macho ninakuwa nimesharudi kijijini kwetu, upande wa Lusu, kwenye nyumba mpya zilizopangwa mstari, ambazo bado hazikuwa na harufu ya mtu yeyote.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya Ujamaa. Lori lilitubeba sisi, mbuzi, vinu, na milango tuliyoing'oa kwenye nyumba za zamani. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, wa kuolewa, na nilijikalia juu ya milango kama bibi harusi, nikiitazama miombo ikipita polepole. Kwenye korongo moja lori liliinama, milango ikateleza, nami nikateleza nayo. Ulionivunja mguu ni mlango wetu wenyewe, na mpaka leo sijausamehe.

Hospitalini Tabora, daktari wa mifupa aliunga mfupa kwa chuma na skrubu, akashona, na baada ya muda akaniruhusu nirudi nyumbani. Lakini muundi hauna nyama ya kutosha. Mshono ulifumuka sehemu moja, pakabaki tundu dogo, na ndani ya tundu chuma kikawa kinang'aa. Tuliporudi kumwonyesha, daktari hakuzungukazunguka. Mfupa ulikuwa bado haujashika. Kama nyama isingekifunika chuma kabla mvua hazijaisha, angelazimika kukitoa, na huenda mguu wenyewe ungekatwa. Akampa baba chupa ya dawa ya kahawia: kifuniko kimoja kwenye bakuli la maji yaliyochemshwa, tuoshe, tufunike.

Sasa baba yangu alikuwa mtu asiyejua nusu. Akikusalimia, atakuuliza mpaka habari za kuku wako. Akikoleza mchuzi, mtamaliza mtungi wa maji. Alikuwa mrina asali, na msimu uliopita siafu walikuwa wamevamia mzinga wake aliouthamini kuliko yote wakaumaliza. Kwa hiyo pale katika kijiji kipya alichonga mzinga mwingine, akamwomba dereva wa lori oili chafu, akaupaka nje na ndani mpaka ukawa unachuruzika weusi.

"Sasa waje tuone," alisema.

Hawakuja. Hata sisimizi mmoja hakuusogelea.

Na mguu wangu akaushughulikia vivyo hivyo. Kifuniko kimoja alikiona ni ubahili wa hospitali. Aliimimina dawa tupu, bila tone la maji, asubuhi na jioni, na mimi nikawa naona nyota mchana kweupe. "Jikaze, mayu," alinibembeleza. Mayu ni mama, na kina baba wa kwetu huwaita hivyo mabinti zao wanapowahurumia. Yeye alitoka jasho kuliko mimi. Nilimpenda na kumwogopa pamoja; nikisikia tu kizibo cha chupa kikifunguliwa, nililia.

Kidonda kilikuwa safi ajabu. Hakikuwa na usaha wala harufu, isipokuwa ya dawa. Kilikuwa kimepauka kama muhogo uliochemshwa, na hakikuonyesha dalili ya kufunga.

Mchana walipokwenda shamba la kijiji, nilibaki nimelala kwenye mkeka, nikisinzia na kuzinduka. Nyuma ya nyumba yetu ilipita njia ya zamani ya misafara, ambayo babu wa babu yangu aliifuata na mzigo kichwani hadi pwani. Katika usingizi ule wa homa niliwaona watu wadogo sana wakija kwa safu ndani ya mguu wangu, kila mmoja na mzigo wake, wakitafuta mahali pa kutua. Walifika ukingoni mwa chuma, wakanusa, wakageuka na mizigo yao. Niliwaita kwa sauti ya upole, kama unavyomwita mgeni aliyepotea njia, lakini hawakunisikia. Niliamka na machozi shingoni.

Baba aliona siku zinakwenda, roho ikawa juu. Akanipakia kwenye lori la pamba, tukaenda Tabora kabla ya wakati wetu. Daktari alinusa kabla hajafungua bandeji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari. Mguu ni msafi."

"Msafi mno, mzee wangu. Juu ya hicho chuma kuna wawili wanaogombea kukaa. Vijidudu wanakitaka, na nyama ya binti yako inakitaka. Dawa ikiwa kali hivi haichagui. Inamfukuza mwizi, na mwenye nyumba naye inamfukuza."

Baba alinipakia tena kwenye lori, tukarudi nyumbani. Mama, alipokwisha kuelezwa, aliendelea kupepeta mtama wake.

"Mzinga wako sisimizi hawakuugusa," alisema. "Na nyuki je?"

Baba alitoka nje. Nilimsikia akiuangusha mzinga, akiukwangua, akiuchoma ndani kwa nyasi, kisha akiusugua kwa nta muda mrefu. Alipoutundika tena, alimkabidhi mama kazi ya mguu wangu: maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, kitambaa safi, basi. Yeye aliketi mlangoni amekalia mikono yake, kwa sababu isipokaliwa ingefanya jambo. Msidhani nitasema ni asali iliyoniponya. Asali tuliila.

Siku hizi nasikia vyuma vingine vya mwilini hupakwa madini ya fedha, ili vijidudu wasipate pa kushika. Daktari mmoja kijana alinieleza hivi karibuni kwamba bado wanahangaika kupata kipimo, maana fedha ikizidi, chembe hai za mfupa nazo hufa. Nilicheka mpaka akauliza nimepatwa na nini. Nilikuwa nasikia harufu ya oili chafu.

Wekundu wa nyama mpya ulianza pembeni mwa tundu, laini, ukilowana. Ukasogea taratibu, kama watu wanaohama bila lori. Chuma kilipungua kung'aa, kikawa kitone, kisha sikukiona tena. Mzinga nao uliendelea kuning'inia. Nyuki hawakuingia kamwe. Oili ilikuwa imeshaingia ndani sana ya mti. Mwishowe mama aliushusha, kuku wakawa wanatagia humo, na baba akipita hapo alitazama pembeni.

Mvua zilipokwisha, daktari aliubonyeza mguu huku na huku, akasema chuma kitabaki, na mimi nitatembea. Nje ya hospitali, kwenye ngazi, baba aliniuliza kama naweza kumruhusu aguse. Hakuwa ameugusa tangu alipomkabidhi mama kazi ile. Alinawa kwanza kwenye bomba, akajifuta kwa shati, akaweka kiganja juu ya kovu. Kisha akainamisha sikio, kama alivyozoea kusikiliza mizinga yake ajue kama nyuki wameingia.

Watu walikuwa wakitupita kwenye ngazi.

"Wameingia," alisema.