Kitenge cha Mbayuwayu

Hadi leo nikipita karibu na kibanda cha yule fundi wa nguo, pale nyuma ya soko la Machakos, navuka upande wa pili wa barabara. Sitii chumvi. Ni kinyaa kabisa.

Wakati huo mbuzi wa ntheo, yaani wa posa, walikuwa waletwe kwetu Kalama kwa ajili ya mdogo wangu. Mama alikuwa ameshafariki, lakini alituachia kitenge cha mbayuwayu alichokiweka sandukuni kikisubiri siku hiyo. Alikuwa amekikunja katikati, na mkunjo ulikaa miaka mingi hadi ukawa mstari usiofutika. Mdogo wangu hakutaka nguo nyingine. "Nikivaa hiyo, Mwaitu pia atakuwa amekuja," aliniambia. Kwetu Ukambani, Mwaitu ni mama.

Mshonaji wa nyumba ni mimi, lakini mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Nikampelekea fundi kitenge pamoja na pateni yangu, kile kiolezo cha karatasi cha kukatia nguo, nikamwonyesha alama moja baada ya nyingine. Mshale mrefu unafuata ukingo wa kitambaa, ili ndege wote waruke juu. Vipembe vidogo vya pembeni ndipo vipande vinapokutana wakati wa kushona. Na mshale huu uliopindwa ncha zote mbili, hapa kifuani, ndio roho ya kazi yenyewe: upande huu unalazwa kwenye mkunjo, haukatwi.

Alinisikiliza huku akitafuna chapati, kisha akapangusa vidole vya mafuta kwenye karatasi yangu, juu ya mshale huohuo.

"Madam, hii ni mambo ya watu wa shule," akasema. "Mimi nakata na macho. Niko na miaka mingi kwa hii kazi."

Ningekuwa na mkono mzima ningemnyang'anya mkasi.

Tulirudi kuchukua nguo, mimi na mdogo wangu. Pateni yangu ilikuwa imekunjwakunjwa na kusukumwa chini ya mguu wa cherehani ili isiyumbe. Kwenye kifua cha rinda, upande mmoja ndege walipaa. Upande wa pili walining'inia vichwa chini kama kuku wa sokoni. Alikuwa amegeuza kipande ili kitambaa kingi kibaki, kwa sababu mabaki huwa ni ya fundi. Nayo mabaki niliyaona: alikuwa ameshayashonea mto wa kigoda chake, na alikuwa ameyakalia. Mbayuwayu wa mama yangu chini ya makalio ya mtu yule! Nilitamani kutema mate.

Mdogo wangu alijaribu kulivaa rinda juu ya blauzi yake. Lilikwama kifuani, maana upande wa mkunjo hauachiwi nafasi ya mshono, na fundi alikuwa ameukata na kuushona. Kitambaa kingine cha kurekebishia hakikuwepo. Akalivua polepole, akapitisha kidole juu ya mshono ule mnene wa katikati.

"Kwa nini ulikata hapa?" akamuuliza.

Fundi akacheka, tena kwa furaha, kama mtu anayesubiri kupongezwa.

"Hapo ndio ilikuwa rahisi, dada. Hata chaki sikutumia. Nilipata mtu ashaweka mstari."