Mbuzi Tuliowafunga Macho

Wakati wa vita vya Kagera binti yangu aliacha kulala, na waliosababisha ni mbuzi wa mama mkwe wangu. Nasema hivyo nikijua kwamba mama mkwe angekuwa hai tungegombana hadi jioni. Mama yule hakukubali hata siku moja kwamba mbuzi wake wanaweza kukosea.

Tuliishi kijiji cha ujamaa, upande wa Nyakisasa. Mume wangu alikuwa mgambo. Lori lilikuja likamchukua yeye na wenzake kuelekea Biharamulo, na kutoka huko wakapelekwa vitani. Nyumbani tukabaki mimi, mama mkwe, na binti yangu wa miaka mitano, mwenye maswali mengi kuliko hakimu. Viongozi wa kijiji wakatoa amri: jua likizama, moto ufukiwe majivu na koroboi izimwe. Hata kiko cha bibi kisionekane, maana ndege za adui zinafuata mwanga. Tukawa tunakula maharage jua lingali juu, halafu tunakaa gizani matumbo yakidai tena.

Mbuzi tulilala nao ndani, nyuma ya kizuizi cha matete, kwa kuogopa fisi. Jioni moja niliwamulika kwa tochi nione kama wote wameingia. Macho yakawaka kijani. Binti yangu akapiga yowe.

"Mama, zima! Macho yao yana moto! Ndege itatuona!"

Mama mkwe, badala ya kunisaidia, akadakia: "Kweli yana moto. Hata ya watu yana moto, ila mdogo. Ungeonaje bila moto?"

Jamani! Na mimi ni mwalimu wa sayansi, darasa la nne, nasimama mbele ya watoto wa watu kila siku!

Tangu siku hiyo, jua likizama tu mtoto anafumba macho, na anatembea hivyo hivyo. Alikalia sufuria ya maharage. Alimwamkia beberu "shikamoo" akidhani ni bibi yake, na bibi mtu akanuna siku mbili. Kisha nikakuta kanga yangu, kanga niliyoipangia foleni duka la ushirika mpaka miguu ikavimba, imechanwa vipande vipande, na kila mbuzi amefungwa kitambaa machoni. Hasira zangu huwa haziko mbali. Nilikuwa katikati ya kufoka pale kiongozi wa mgambo alipopita kukagua mioto, akachungulia mlangoni, akawaona wale mbuzi.

"Huu ndio uzalendo," akasema.

Kesho yake, mkutanoni, akaagiza kila nyumba iwafunge mbuzi wake macho. Ikawa kila asubuhi kijiji kizima kinahangaika kufungua vitambaa, na mbuzi nao wamekwishajifunza kuvila. Watu waliniangalia vibaya.

Hayo tungeyacheka yakaisha. Lakini mtoto alikuwa hapati usingizi, amekonda shingo imebaki kijiti. Nikambana aniambie. Akasema, "Baba yuko porini. Akifungua macho watamwona. Akifumba, hatawaona wanaokuja."

Hasira ya kanga ikaniisha pale pale. Nilitaka kulia.

Siku iliyofuata nilianika betri za tochi juani mchana kutwa. Jioni nikatufunika kwa blanketi zito, mwanga usitoke nje: mimi, mtoto, beberu mmoja anayenuka, na mama mkwe aliyekataa kuachwa.

"Angalia jicho langu," nikamwambia mtoto polepole. "Hapo katikati pana kitundu cheusi. Ni mlango, unaitwa mboni. Mwanga ni mgeni. Hautoki kwetu, unakuja kwetu. Ukija mwingi, mlango unajibana. Ukija kidogo, mlango unafunguka sana, ili hata ule mdogo wa nyota upate kuingia. Ndani pana lenzi. Inaukusanya mwanga, inautua ukutani kwa nyuma, na pale inatokea picha. Ila imepinduka, kichwa chini, miguu juu."

"Hata bibi?"

"Hata bibi."

Akacheka. Nilikuwa nimeisahau sauti ya kicheko chake.

"Mimi sijapinduka mbele ya mkwe," mama mkwe akanguruma.

"Ubongo unakusimamisha, Mama. Ndio unaojua juu ni wapi."

"Na mbuzi?" mtoto akauliza.

"Mbuzi ana kitu kama kioo nyuma ya jicho. Mwanga ukiingia, kioo kinaurudisha. Ule moto ni wa tochi, si wa mbuzi."

Nikammulika beberu, macho yakawaka. Nikazima, giza tupu, tukamsikia tu akitafuna pindo la blanketi. Nikammulika mama mkwe. Yake hayakuwaka, yalinikodolea tu kwa ghadhabu.

"Na baba?"

"Baba ni mtu. Hana kioo. Gizani macho yake hayatoi kitu, yanapokea tu."

"Kwa hiyo anaweza kuyafungua?"

"Ayafungue yote mawili, mwanangu. Wazi kabisa."

Akashusha pumzi ndefu, akalala pale pale, mdomo wazi. Nikamrudisha beberu kwa wenzake. Niliporudi, mama mkwe alikuwa bado amekaa.

"Mkwe wangu," akasema, na safari hii hakuwa anabisha, "una hakika mwanangu hana hicho kioo?"

"Mama, si wewe uliyemzaa?"

"Nilimzaa. Lakini ndani ya macho sikuchungulia."

Nikakaa karibu yake, nikamshika mkono, nikaanza upya kuanzia mlangoni, polepole kama kwa mtoto. Sijafika kwenye ubongo, akawa anakoroma.

Nikabaki mimi, macho wazi, na mimi sikuwa na wa kunieleza mpaka nilale.