Mtu Asiyetoa Mikono kwenye Usukani

Ukitaka kubisha, bisha. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mwenyewe pale Nchiru, Meru, karibu na chuo kikuu, nikiwa na akili zangu timamu, na mkono wangu wa kulia ndio shahidi.

Mimi ni fundi wa redio za magari. Ndiyo, mwanamke, na kama hilo linakuchekesha, cheka haraka tuendelee. Magari yetu mengi hutoka Japani, na redio zake hazishiki stesheni zetu vizuri, kwa hiyo watu huja kuwekewa zile za skrini kubwa. Shida ni vile vitufe vya kwenye usukani, vya sauti na vya kupokea simu. Redio mpya haivijui. Lazima uunganishe nyaya zake, kisha uifundishe: unabonyeza kitufe, redio inakiona, unaiambia kazi yake, unaenda kwa kingine. Mafundi wavivu huiruka kazi hiyo na kumwambia mteja atazoea.

Jioni moja, nikifunga kibanda, gari jeupe likasimama. Ndani mlikuwa na kijana nadhifu, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Fundi, niliwekewa hii radio, button za steering zikakufa," akasema. "Nataka zifanye. Leo."

"Kuja kesho asubuhi."

"Mathe ananingoja Mikinduri. Bila hizo button sitafika."

Nilicheka. Nani hushindwa kufika kwa mama yake kwa sababu ya kitufe? Lakini sura yake ilinitia huruma, nikaingia upande wa abiria. Nikamwomba azime gari. Hakutoa mkono, na gari likazima lenyewe. Niamini, hata hapo sikushtuka. Wateja nimewaona wa kila aina.

Nilipochomoa redio niliona kosa mara moja. Nyaya za vitufe zilikuwa zimeachwa zikining'inia. Nikaunganisha mbili na kumwambia abonyeze cha sauti. Akabonyeza. Redio haikuona kitu. Nikanyoosha mkono wa kulia nibonyeze mwenyewe, na hapo ndipo akanishika.

Hakunishika kwa hasira. Aliufunika tu mkono wangu kwa wake, baridi kama nyama iliyotoka kwa friji. Nikavuta. Wapi! Nikaangalia vizuri, na ndipo nikaona vidole vyake havina mpaka na usukani. Vilikuwa vimeota humo. Na vyangu navyo vilikuwa vimeanza kuzama.

"Nilitoa mkono mara moja tu," akasema polepole. "Mathe alikuwa anapiga simu, button haishiki, nikanyoosha mkono kwa screen. Lori ilikuwa mbele yangu."

Wewe ungefanya nini? Mimi nilipiga kelele. Wanafunzi walikuwa wakipita wakielekea hosteli zao, wakicheka, na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Basi nikakasirika. Hofu ilifika mwisho wake, ikawa hasira. Mkono huu ndio unaonilisha. Siuachi hapa!

"Kijana, tulia nifanye kazi," nikamwambia.

Nikaanza kumwomba Mungu huku nikipapasa nyaya kwa mkono wa kushoto. Kilichobaki kilikuwa waya wa ardhi, ule mweusi unaofungwa kwenye chuma cha gari. Bila huo redio haisikii kitufe chochote. Nikaumenya kwa meno hadi mdomo ukatoka damu, nikausokota mahali pake. Nikabonyeza kwa kidole gumba, ambacho bado kilikuwa changu. Skrini ikaonyesha namba. Nikaifundisha sauti juu, na kucha zangu zikatokeza. Nikaifundisha sauti chini. Nikaifundisha cha simu.

Papo hapo simu ikaita. Akabonyeza bila kutoa mkono. Sauti ya mama mzee ikajaa mle ndani, ikimuuliza kwa Kimeru yuko wapi.

"Niko njiani, mathe," akajibu, machozi yakimtoka. Nami nililia, kwa nini nifiche?

Mkono ukaachiliwa. Nikajikuta nimekaa chini kwenye changarawe, koleo mkononi, na gari halipo.

Hadi leo mkono huo hausikii moto. Naepua sufuria bila kitambaa, na watoto wangu hugeuza macho. Baadaye nilienda Mikinduri kumuulizia kijana wa gari jeupe, nikaelekezwa kwa Mama Mutwiri, aliyemzika mwanawe baada ya ajali. Kila jioni huipiga namba ya marehemu, na kila jioni huambiwa mteja hapatikani.

"Hiyo siku alishika," akaniambia. "Akasema ako njiani. Mtoto wangu, tangu hiyo siku mimi sifungi mlango."

Kwa hiyo nisikilize. Fundi akikuambia utazoea kuendesha bila vitufe vya usukani, chukua funguo zako uende kwa mwingine. Usione aibu, usiharakishwe. Kaa hapo ubonyeze kimoja kimoja hadi vyote viitikie. Mimi nimeshakaa na mama wa kijana mmoja, na sitaki kuja kukaa na wako.