Gauni la Merikani la Anti Malia

Kila ninaposikia harufu ya pamba mpya chini ya pasi ya moto, narudi Fort Worth, Marekani, jikoni mwa nyumba yetu ya kupanga, kiangazi nilichokuwa na miaka tisa. Mama, mtu wa Mombasa, mchana alihudumia wagonjwa hospitalini, jioni akashona madera kwa cherehani iliyokaa juu ya meza ya chakula. Mimi nilishinda kwa jirani yetu, Anti Malia, mwanamke wa Hawaii, mnene, mcheshi, aliyenilisha wali kwa samaki hata nikajiona mwanawe. Wallahi nilimpenda. Siku moja akaja na jora la pamba nyeupe, akamwomba Mama amshonee gauni refu la kwao, lenye mkia wa kuburura nyuma, apate kucheza ngoma ya kumkumbuka marehemu mama yake.

Mama akalishika jora, akalirudisha hapo hapo. "Hii merikani. Sishoni." Lo! Nyanya wa nyanya yake alivikwa merikani, pamba iliyoletwa na meli za Marekani, utumwani. Alipopata uhuru aliivua, akajifunga leso za rangi, na tangu hapo kwetu merikani ni sanda, haivaliwi na aliye hai. Anti Malia akaondoka na jora lake. Kesho yake Mama akanipeleka kushinda kwa mtu mwingine. Nililia mpaka akasema nitamtia wazimu, lakini nilijua: gauni lisiposhonwa, Anti Malia nimempoteza.

Aliyerudi ni Anti Malia mwenyewe, na jora lile lile na kopo la biskuti. Alieleza polepole, maana lafudhi ya Kiingereza chake ilimpiga Mama chenga. Zamani bibi zake walijifunga kiunoni kitambaa cha magome ya mti yaliyopondwa, na baadhi yao walikuwa machifu, wanawake waliotawala watu na ardhi. Wakaja wamisionari kutoka Marekani, na wake zao waliojifunika hadi shingoni. Machifu wale waliyaona magauni, wakayapenda, wakataka washonewe ya kwao, mapana ya kuwatosha. Baadaye zikaja sheria za wageni; mke akawekwa chini ya mume, yeye na mali yake, na ngoma zikaitwa dhambi. Sisi Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone; wageni wengine huja, mwenyeji akaugua. "Gauni tuliliomba," akasema Anti Malia. "Unyonge hatukuuomba."

Mama akacheka kicheko chake cha puani. "Kumbe Wamarekani hawa hawa walituvika sote, nasi tumewafuata hadi kwao!" Akachukua mkasi. Ila merikani tupu aliikataa katakata. Alitoa leso yake sandukuni, akakata pindo lake, akalizungusha chini ya gauni lote. Anti Malia alilijaribu pale pale jikoni, akacheza, nami nikaushika mkia.

Siku hizi naishi mji mwingine, Sugar Land, mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Madera nanunua kwa simu, yanaletwa mlangoni, na aliyeyashona simjui. Mwaka jana tulimzika Mama, akavaa merikani kama tutakavyoivaa sote. Anti Malia, sasa mzee, aliendesha gari kutoka Fort Worth, akaingia matangani na gauni lile lile, leso imepauka, upande mmoja imefumuka. Nikatafuta sindano, nikapiga magoti miguuni pake, nikashona huku machozi yananitoka, mishono ikaenda kombo. Akainama, akatazama.

"Mama yako angekufumulisha," akasema.

Nikafumua, nikaanza upya.