Kijana wa Winnipeg Aliyeninyima Salamu

Nakumbuka asubuhi moja ya Februari, mwanangu, theluji imerundikwa kando ya barabara hadi kiunoni, nami nimesimama uwanja wa ndege na kipande cha boksi chenye jina la mtu. Jina lenyewe sikuliandika mimi. Shule niliishia darasa la nne, la tano nililisikia kupitia dirisha. Lakini ile vani iliyoegeshwa nje ilikuwa yangu, nimeipata kwa kubeba maboksi miaka minne kwenye maghala ya Brampton. Leo ninazo kumi na moja na madereva wananiita bosi. Naanza na hilo ili ujue kwamba anayekuandikia hakubebwa na mtu.

Nimesikia chuo chako kimekuchukua umsaidie kocha kutafuta wachezaji. Nimefurahi kuliko ulivyofurahi wewe. Najua utanijibu kwa Kiingereza, ndiyo kawaida yenu mliokulia huku. Jibu utakavyo, ila soma mpaka mwisho.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, napanga chumba mtaa wa Parkdale, na chuo kimoja cha hapa Toronto kilinikodi niwachukue wachezaji wanaokuja kutazamwa. Mpira wenyewe si huu wetu wa miguu. Ni ule wa kukimbia na mpira mkononi, watu wamevaa kofia ngumu na mabega ya plastiki, wanagongana kama fahali. Mwanzoni niliuona ni ugomvi uliowekewa refa. Aliyenifungua macho ni Kocha wa chuo kile.

Nimefanya kazi na matajiri na wasomi, mwanangu, lakini sijaona mtu aliyejua kupanga watu kama yule mzee. Ukutani ofisini mwake alibandika kadi, kila kadi jina la mchezaji. Wanaomaliza masomo aliwashusha chini, kushoto akapanga vijana wa sekondari, kulia wanaotaka kuhama kutoka vyuo vingine. Alinifundisha, mimi dereva, kwamba kijana wa sekondari unamsajili kwa atakavyokuwa, na anayehama unamsajili kwa alivyo, kwa hiyo huyo wa pili lazima ujue anakimbia nini. Makocha wengine walitazama video za mechi wakaridhika. Yeye alitazama video, kisha akamwuliza mpishi aliyempa mgeni chakula, na aliyemwonyesha bweni, na mimi niliyemwendesha. Swali lake lilikuwa moja: "Umemwonaje?" Basi nikavimba kama andazi. Mtu wa darasa la nne anaombwa maoni chuo kikuu.

Mwaka huo ilibaki nafasi moja, ya mlinzi wa katikati. Huyo ndiye anayeinama na kuupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake, kisha anasimama ukuta ili mrushaji wa mpira asiangushwe. Wanaoshindania nafasi walikuwa wawili, kijana mmoja wa Markham, na Wesley, mzaliwa wa Winnipeg aliyetaka kuhama chuo kimoja cha huko magharibi. Kocha alikuwa safarini siku ile Wesley alipofika. Mpango ulikuwa wasaidizi wamtembeze, na Kocha akisikia habari njema aonane naye kesho yake kabla kijana hajaondoka.

Wesley akatokea, mabega yamejaa mlango. Akaliona jina lake kwenye boksi, akanitikisia kichwa, akafungua mdomo kidogo, akaufunga. Akaweka begi lake, akakaa kiti cha nyuma. Mimi nikawa nasubiri salamu. Kwetu Singida mdogo ndiye huanza na mkubwa huitikia. Nikaisubiri pale maegesho, nikaisubiri barabara kuu nzima, mpaka tukafika chuoni, na kijana akashuka bila hata asante.

Jioni Kocha alirudi na swali lake. Msaidizi akasema mgeni alikuwa kimya. Mimi nikasema kwa sauti ya mtu anayejua: "Hana adabu. Asiyeweza kumsalimia mtu mzima hawezi kumlinda mwenzake."

Kocha alinitazama kidogo. Kisha akaibandua kadi ya Wesley na kusema kesho saa sita mchana atampigia simu yule wa Markham.

Nyumbani nilimkuta mama mwenye nyumba wangu, Mama Tabitha, Mkamba wa Machakos aliyekuwa akitunza wazee hospitalini. Ndiye aliyeniandikia lile boksi. Anasonga ugali, mimi namenya vitunguu na kujisifu jinsi nilivyomkomesha kijana mwenye kiburi. Akaniacha nimalize.

"Na wewe ulimsalimia?"

Nikamwambia mimi ni mkubwa wake.

"Ati ulikuwa unangoja shikamoo ya Winnipeg?" Alicheka hadi akauacha mwiko umesimama kwenye sufuria. Mara kicheko kikakatika. "Kijana wangu, huyo mtoto amewaaga wenzake. Kule nafasi yake imeshapewa mtu. Hapa umemfungia mlango. Sasa aende wapi?"

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi kidole kilikuwa kizima. Ugali ule sikumaliza.

Asubuhi nilitakiwa kumrudisha Wesley uwanja wa ndege. Saa nne na nusu nikafika bwenini, nikashuka garini, jambo ambalo jana sikulifanya, nikampa mkono na kumsalimia kwa Kiingereza changu cha ghalani. Aliushika mkono wangu asiuachie. Mdomo ukafunguka, mishipa ya shingo ikasimama, macho yakajifumba, na neno likagoma kutoka. Kijana alikuwa na kigugumizi, mwanangu, kile kinachomkaba mtu kama kamba.

"Asante," alisema hatimaye. "Kwa jana."

Njiani akakaa kiti cha mbele na kunieleza kipande kwa kipande. Mlinzi wa katikati ndiye huwapigia wenzake kelele kuwaambia adui amejipangaje. Kule alikotoka, neno lilipomgomea, wenzake walimwigiza na mkufunzi wao akacheka pamoja nao. Ndiyo maana akaamua kuhama. Alisikia kuna kocha Toronto anayesikiliza watu, akaja, na hakumwona. Hakuniuliza kwa nini. Afadhali angeniuliza.

Ilikuwa saa tano imepita na ndege yake ya saa saba. Nikashika njia ya kwanza ya kutokea barabara kuu, nikageuza vani. Wesley akanitazama. Nikamwambia ndege zipo nyingi, zile za jioni nazo zinaruka.

Tulimkuta Kocha mezani, simu mbele yake, namba ya kijana wa Markham kwenye karatasi. Zilibaki dakika chache kufika saa sita. Sikukaa. Nilisema mbele ya Wesley, maana nilimchafua nyuma yake: "Jana nilikupa habari mbovu. Aliyekosa adabu ni mimi. Sikumpa huyu hata habari za safari."

"Nilikuuliza ulichokiona," akasema Kocha, "ukaniambia kilichokuudhi. Na mimi nikapokea bila swali la pili. Kosa hilo tugawane."

Kisha akamgeukia Wesley na kumwuliza kwa nini anataka kuja hapa. Wesley akaanza, akakwama. Mshale wa saa ya ukutani ukafika saa sita, ukapita. Kocha hakumkatiza. Hakumdokezea neno, kama tufanyavyo wengi tukidhani tunasaidia. Hakuitazama simu. Alikaa ameelekeza uso kwake kama mtu aliyepewa siku nzima bure, mpaka sentensi ikafika mwisho. Akauliza swali jingine, jibu likachukua muda uleule. Alipotosheka aliinuka, akaibandika kadi ukutani kwa mkono wake.

Yule wa Markham, Kocha alimpigia mwenyewe mchana huohuo, akamwambia ukweli, akamtafutia kocha mwingine wa kumtazama. Hakumtuma msaidizi.

Sheria ya wakati ule ilimtaka mchezaji aliyehama akae mwaka mzima bila mechi. Mwaka huo Kocha aliufanyia kazi ambayo mpaka leo nikiikumbuka natikisa kichwa. Mwingine angemtafutia Wesley nafasi isiyohitaji maneno. Yeye aliwaketisha walinzi wote wa mbele wajifunze ishara: Wesley akigonga paja, maana yake hivi, akikunja ngumi mgongoni, maana yake vile. Msimu uliofuata nilikuwa jukwaani na Mama Tabitha, amejifunga blanketi mbili. Wapinzani walitega masikio wasikie amri, wakaambulia upepo. Mrushaji wetu alirusha siku nzima na jezi safi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mama Tabitha akanipiga kiwiko, akaniuliza kama shikamoo yangu imeshafika. Nikainama nikanywa chai.

Sasa sikiliza, mwanangu. Siku hizi vijana wanahama vyuo kama watu wanaobadilisha treni, na wewe unayo kompyuta inayokuambia nani ana kasi na nani ana kilo. Itumie, mimi siipingi. Lakini kabla hujaandika neno juu ya mtu, tenga ulichokiona na kilichokuudhi, maana vinafanana sana ukiwa na haraka. Anza wewe kusalimia, hata kama umri wako unakupa haki ya kungoja. Mwulize anayehama anakimbia nini, kisha nyamaza mpaka amalize. Na ukigundua umemponza mtu, geuza gari hapohapo, usingoje kesho, na ukaseme kosa lako mbele yake. Aibu yake ni ya muda tu. Mimi niliipitia na bado nala na kushiba.

Mungu akubariki katika kazi hiyo. Akupe shingo ya kuinama na masikio yasiyo na haraka. Na popote jina lako litakapokuwa kwenye kadi mikononi mwa watu, watakaoulizwa habari zako wawe watu waliokusikiliza mpaka mwisho.