Nilipomjibia Zuhura

Mwanangu, nakumbuka siku moja nilitolewa nje ya chumba kama mwanafunzi mtundu, nami nilikuwa mtu mzima, mwenye cherehani yangu mtaani Buyenzi.

Nilikuwa nimempeleka kliniki Zuhura, binti wa dada yangu, mwenye miaka saba. Baba yake wa kambo alikuwa akimpiga vibaya, mpaka tukamtoa katika nyumba ile nikaja naye kwangu. Kwa miezi mitatu hakuwa amesema neno. Alishinda chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, na ukimwita anajikunja.

Mwanasaikolojia wa watoto, dada mmoja mpole, alimpa mwanasesere akamuuliza anapenda nini. Nikajibu mimi: ndizi za kukaanga. Anaogopa nini? Nikajibu: wanaume. Kwetu mkubwa humjibia mtoto mbele ya wageni, nami, astaghfirullah, nilikuwa na mdomo.

"Mama, utungojee inje," akaniambia yule dada.

Nilitoka nimefura. Nyumbani nikamlalamikia mama mkwe wangu, Bi Mwamini. Aliendelea kuchambua mchele wala hakuniangalia.

"We ndo mugonjwa?"

"Apana, mama."

"Basi acha mutoto ajibu. Hata mi unanijibiaka kila siku, nimenyamaza tu."

Iliniuma, maana alisema kweli. Tukarudi kila Jumatano, nami nikangoja kwenye benchi la nje, nimejizuia kweli kweli. Wiki ya sita, tulipofika nyumbani, Zuhura akaingia chini ya meza yake, nami nikaufunga mlango wetu wa bati kwa kishindo, kama kawaida yangu. Sauti ndogo ikatoka kule chini:

"Mama mudogo, usipige mulango na nguvu. Mi naogopa."

Nikakaa sakafuni nikalia. Nililia kwa furaha ya kumsikia, na kwa aibu pia: kumbe siku zote zile niliyekuwa nikimtisha ni mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimpata mtoto aliyeumizwa, usimwambie yamekwisha anyamaze. Usione haya kumpeleka kwa wenye kazi hiyo, tena mapema, na umrudishe hata kama huoni mabadiliko. Akiulizwa, we nyamaza, umngoje.

Zuhura sasa ana watoto wake. Akija kunisalimu huufunga mlango ule kwa kishindo makusudi, kisha ananicheka.

Mwenyezi Mungu akupe subira ya kukaa kwenye benchi la nje, na milango ya nyumba yako ifungwe taratibu. Amina.