Jenerali wa Chaki

Wezi walibeba mlango wa nyumba yetu. Walibeba na fremu yake, wakabeba sufuria, godoro, kitabu cha nyimbo cha mama, hata ndoo iliyotoboka chini ambayo sisi wenyewe tulikuwa tunaona haya kuiweka nje. Lakini tuliporudi kutoka Burundi, tukavuka tena mpaka wa Kavimvira na vifurushi kichwani, tulikuta katikati ya sebule tupu rundo moja limeachwa vizuri. Lilikuwa rundo la fulana zangu. Mtu alikuwa amezikagua moja moja, akazikataa zote.

Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu. "Kumbe hata mwizi naye iko na macho!"

Nilijua kuchekwa, mimi ndiye mchekeshaji wa nyumba. Ila sikuwahi kudharauliwa na mwizi.

Kwetu fulana tunaiita mupira, na zangu watu waliziita mipira ya rap. Nilizitengeneza na rafiki yangu wa darasa: yeye anarap, mimi ninachora. Nguo tulizipata bure. Wakati wa kampeni kila mgombea aligawa fulana zenye uso wake, na baada ya kura hakuna aliyetaka kutembea na uso ule kifuani, awe alishinda au alishindwa. Tulizigeuza ndani nje, mheshimiwa akabaki amelala juu ya tumbo lako, na sisi tukapaka upande uliobaki mweupe. Rangi ilikuwa ile ya mafuta wanayopaka mitumbwi, masalio ya mikebe tuliyoomba pwani ya ziwa. Vielelezo vya kupitishia rangi tulivikata kwenye zile picha nyeusi za plastiki wanazopiga vifua vya watu hospitalini. Ukiinua moja juani kabla ya kuikata, unaona mbavu za mgonjwa. Kutoka mbavu hizo tulitoa mataji, cheni nene, redio kubwa za begani, mafuvu, na herufi zilizovimba kama maandazi. Rangi ikishakauka, mupira unakuwa mgumu kama bati. Ukiuvua unabaki umesimama peke yake, unakungoja.

Mmoja kati ya ile mipira ulikuwa wa Papa. Yeye hakuuomba.

Papa anafundisha hesabu kwenye shule ninayosoma, bahati mbaya yangu na yake. Mshahara wa mwalimu kila mtu Uvira anajua habari zake, sitazirudia hapa. Alikuwa na patalo moja ya kazi, suruali ya kijivu, na matakoni ilikuwa na kiraka cha rangi iliyokaribia kuwa kijivu. Kwa hiyo alijizoeza kuandika ubaoni akisimama ubavu. Kengele ikilia alitoka darasani kinyumenyume, kama lori linalotafuta njia, akijifanya anahakikisha tunaandika. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuona mgongo wake kwa muda wa kutosha, na hakuna ambaye hakujua kwa nini.

Mimi nikachora ule mgongo. Nilichukua mupira mkubwa kuliko yote, mbele nikauacha mweupe, nyuma nikamweka Papa ameinama ubaoni, mpana kama kabati, amegeuza kichwa na miwani nyeusi, chaki ameishika kama maikro ya mwimbaji, shingoni cheni ya dhahabu yenye kompa ya kuchorea duara. Kiraka nilikipaka njano, kiking'ae kama medali. Juu niliandika kwa herufi za maandazi: JENERALI WA CHAKI. Nyakati hizi kila mwenye bunduki kwetu ni jenerali, nikaona na mwenye chaki apewe cheo.

Niliuvaa chini ya shati nyeupe ya shule. Papa akishatoka kinyumenyume, mimi ninawageuzia wenzangu mgongo, ninapandisha shati. Darasa lilikuwa linapasuka. Wengine walipiga saluti. Sitasema uongo, ile ilikuwa furaha kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo shuleni.

Halafu risasi zikasogea, tukakimbia na tulichoweza kubeba, na Jenerali akabaki chini ya godoro langu.

Sasa tuko nyumbani, godoro limekwenda, Jenerali yupo. Kwa kuwa nguo zote ziliibwa, lile rundo lililokataliwa likawa kabati ya familia. Mama alikoroga bugali akiwa na taji la moto kifuani. Yaya, dada yangu mkubwa, alienda kuchota maji na fuvu lenye kofia. Nilificha Jenerali chini kabisa ya rundo, nikasema nitamchoma siku mama hayuko jikoni. Mama alikuwa jikoni kila siku.

Kisha ukaja ujumbe kutoka Nyakabere. Yaya alikuwa ameposwa na kijana wa huko, mkulima wa mpunga, aliyewahi kusoma kwa Papa. Siku ya kuleta mahari ilikuwa imeahirishwa na vita zaidi ya mara moja, na wazazi wa kijana walisema: na sisi tumeibiwa, tutakuja na kinywaji tu, lakini tuje sasa, kabla mambo hayajaharibika tena. Yaya alikuwa ameanza kunyamaza vile watu wanavyonyamaza wakiona jambo linawaponyoka. Papa akakubali siku hiyo hiyo.

"Ila kitu kimoja," alimwambia mama. "Wasikute mukimbizi hapa. Wakute baba ya mutoto."

Shati aliyokimbia nayo ilikuwa imechanika mkono. Jirani yetu katekista akamwazima koti. Patalo ya kijivu ilifuliwa, ikapigwa pasi ya makaa. Chini ya koti kilihitajika kitu cheupe, na mama akaenda kwenye rundo.

Mimi nilikuwa nje napanga viti vya kuazima. Nilipoingia, Papa alikuwa ameshavaa, ameketi pale sebuleni wima kama picha ya kitambulisho, na niliona kwenye ukosi, nyuma ya shingo, tone la rangi ya bluu. Nilikuwa ninalijua lile tone. Lilinidondokea siku niliyoandika herufi J.

Nilimkimbilia mama jikoni. "Mama, ule mupira wa Papa…"

"Nyamaza. Leo hapana mambo yako."

"Minye nasema kweli!"

"Weye? Kweli?" Alinigeukia na mwiko. "Siku gani? Ile siku kule Burundi ulisema banagawa blanketi, nikaenda kupanga mustari peke yangu kama mlingoti?"

Nikarudi sebuleni kwa Papa mwenyewe.

"Papa, ufunge vifungo vyote. Iko baridi."

Papa akanitazama. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. "Baridi ya wapi?"

"Ya ziwa."

Alifunga vifungo, bila kuuliza tena. Nikashukuru. Koti lipo, vifungo vimefungwa, wageni watakunywa, watakwenda. Nilijihesabia hivyo.

Wakafika. Mlangoni tulikuwa tumetundika kitenge cha kuazima, na msemaji wao, baba mdogo wa kijana, alipokosa pa kugonga aligonga kwa mdomo: "Ko, ko, ko! Wenye nyumba, mlango wenu uko wapi?"

"Umetangulia harusini," akajibu msemaji wetu. "Ninyi munatafuta mlango ao mutoto?"

Watu wakacheka, wakaingia, wakaweka chini madumu ya kasikisi, pombe ya ndizi, na kreti ya fanta. Mambo yakaenda vizuri. Walitupiana maneno vile inavyopaswa, wao wakisema wameona ua kwenye bustani yetu, wetu wakijibu kwamba bustani ina ng'ombe mkali. Papa hakusema kitu, maana baba wa binti siku hiyo hasemi, anakaa tu anaheshimiwa. Nilianza hata kuonja fanta.

Ndipo baba mdogo akasimama na furushi lililofungwa kwa gazeti.

"Tulisema tunakuja mikono mitupu," akasema. "Tulidanganya kidogo."

Likafunguliwa. Kostimi ya baba, suti kamili! Nyeusi, mpya, bado na chaki ya fundi kwenye mshono. Wanawake wakapiga vigelegele. Na mimi fanta ikanipanda puani, kwa sababu kostimi ya baba kwetu haipokelewi kama mkate. Mkwe mwenyewe anamvalisha baba koti lake, pale pale, mbele ya macho ya wote. Ukienda kuivalia chumbani, umewaambia wageni kwamba zawadi yao inakuudhi, na wanaweza kuinuka na binti akabaki.

"Avalie chumbani!" Nilisikia ni mimi ninayepiga kelele. "Papa… kifua kinamuuma!"

Wote wakacheka. Mgeni mmoja akasema, "Kila nyumba iko na mchekeshaji wake." Mama alinitazama na jicho ambalo kwa kawaida huwa linafuatwa na kandambili.

Papa hakucheka. Alisimama, mkono kwenye kifungo cha juu, akaniangalia kwa utulivu, vile anavyomwangalia mwanafunzi aliyefika ubaoni bila jibu. Hapo nikafahamu kwamba anajua amevaa nini. Alijua alipouvaa. Hakukuwa na nguo ingine, na walikuwa wamesema wanakuja na kinywaji tu.

Akafungua vifungo. Akavua koti la katekista, akalikunja, akaliweka kitini. Mbele ilikuwa nyeupe. Yule mgombea alionekana kwa mbali kupitia kitambaa, anatabasamu. Kijana akashika kostimi mpya mikono miwili, ameitanua. Ili mikono iingie, lazima umpe anayekuvalisha mgongo.

Papa akageuka.

Walioanza kucheka ni watoto waliochungulia pembeni ya kitenge. Ndani hakuna aliyecheka. Shangazi mzee wa kijana, ambaye macho yake hayaoni vizuri, akauliza kwa sauti, "Ni nini pale imeandikwa?"

Mjukuu wake, amejifunza kusoma juzi, akamsomea kwa kidole: "Je-ne-ra-li wa cha-ki."

"Na ile inang'aa?"

"Ni kiraka, koko," mjukuu akamwambia bibi yake. "Kwenye matako."

Na chini ya mchoro, kwa kuwa Papa alikuwa amesimama vile vile, amewapa mgongo, kulikuwa na patalo ya kijivu yenyewe. Kile alichokificha kwa kutembea kinyumenyume miaka yote sasa kilikuwa sebuleni, mara mbili, na kimoja nilikuwa nimekipaka njano. Nilitamani wezi warudi. Wanibebe mimi.

Kijana alikuwa ameinamisha macho. Aliingiza mkono wa Papa kwenye mkono wa koti, kisha wa pili, akanyoosha mabega taratibu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, lakini nyumba isiyo na mlango haina siri:

"Mwalimu, nilishonesha patalo mbili."

Desturi inataka moja. Huyu alikaa zamani kwenye benchi ya mbele, katika darasa la yule yule mwalimu. Hakuhitaji mupira wangu ili ajue.

"Asante, mwanangu," Papa akajibu. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku. Lakini alikawia kugeuka.

Yaya akaitwa, akatoka nyuma akiwa amefunikwa kitenge, akaulizwa kama anawafahamu hawa watu, akasema ndiyo. Akaulizwa tena, kama kinywaji chao kinywewe. Akasema kinywewe. Kasikisi ikamwagwa kwenye vikombe, na mahari ikawa imepokelewa. Alipopita karibu yangu alivuta nguo yake, isiniguse.

Kesho yake mchana Papa alinikuta nyuma ya nyumba. Alikuwa amevaa mupira ule. Kostimi ilikuwa inaning'inia ndani, na zile patalo mbili.

"Lete rangi."

Nilidhani anataka kuufuta mchoro. Nilimwambia rangi ya mitumbwi haitoki, hata kwa petroli.

"Sikusema kufuta. Lete."

Nikakimbia pwani, nikarudi na masalio ya mkebe na burashi ya kuazima. Alikaa kwenye kreti ya fanta, akanipa mgongo.

"Viraka viko viwili," alisema. "Weye umechora kimoja. Cha kushoto hukukiona?"

"Hapana, Papa."

"Kwa hiyo jibu si kamili. Chora."

Nilikoroga rangi ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Papa, ulijua tangu lini?"

"Shati ya shule ni nyepesi. Na weye unatoka jasho sana." Akainama, nipate nafasi. "Nilikuwa nasema, siku moja atachoka."

Nilichovya burashi, nikaanza. Yule niliyemchora ni mpana kama kabati, lakini nguo haikutaka kutulia, ikabidi niivute kwa mkono wa kushoto, maana mgongo uliokuwa chini yake haukuijaza tena. Kule Burundi alikuwa anasema ameshiba, anasogeza sahani kwetu. Burashi ilikuwa inaruka, inashuka, inaruka tena. Ilikuwa inapita juu ya mifupa.

"Umemaliza?" akauliza.

Nikasema bado. Nilikuwa nimemaliza.